Kichuguu na Tofari: Historia ya Udongo Mzito wa Katanga

Mgeni anayefika Lubumbashi kwa mara ya kwanza anaonyeshwa bomba refu la moshi na kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba, juu ndiyo picha ya mji wetu tangu kalakala. Lakini akitoka kidogo nje ya mji, upande wa Kasapa ao kwenye njia ya Kasenga, kitu anachouliza ni kingine: nani alirundika hii milima midogo yote? Anaona vichuguu kila pahali, kimoja hapa, kingine kule, vingine virefu kupita nyumba, na miti mikubwa imeota juu yake. Sisi wenyeji tumevizoea mpaka hatuvioni tena. Wengine husema kichulu, wengine kichuguu, na mafundi wa matofari wanasemaka tu "udongo", kwa sababu kwao kichuguu ni udongo uliosimama.

Jumuiya yetu iliposhindwa kulipia matofari ya chumba cha mikutano, tulikumbuka kwamba ndani ya kiwanja chetu mlikuwa na kichuguu kimoja, cha urefu wa mita 4 hivi na upana wa mita 12 chini. Fundi alikuja, akakizunguka mara mbili, akafurahi. Bei ilikuwa nzuri: yeye akate, achome, atuachie nusu ya matofari. Komite ilikubali haraka. Mzee mmoja tu kati yetu, mama mwenye kupita miaka 70, alisimama akakataa. Fundi alimuambia kwa heshima: "Mama, hii njo udongo tu. Mukikatala, mvula itaibeba bule." Yeye akajibu: "Njo udongo, mwanangu. Lakini ni nani aliiletaka pa yulu?"

Hatukuwa na jibu. Insha hii ilitoka katika swali lile. Tulianza kuuliza wakulima, wafinyanzi na wasomi wa Chuo Kikuu chetu, tukasoma yale yaliyoandikwa, na tukagundua kwamba udongo mzito ulio chini ya miguu yetu una historia ndefu kuliko ya ufalme wowote tunaojivunia. Tutaieleza kwa namna tulivyoielewa.

Mama wa udongo ni jiwe. Mawe mengi yana ndani yake madini ambayo wanajiolojia wanayaita feldispa na mika. Mvua inapoingia ardhini inakutana na hewa inayotoka katika mizizi na majani yanayooza, na yale maji yanakuwa na ukali kidogo, sawa maji ya soda yaliyopoa. Hayachomi mkono, lakini yakipita kwenye jiwe miaka kwa miaka yanaondoa kile kinachoyeyuka: chumvi za potasi, kalsiamu, sehemu ya silika. Kinachobaki kinajipanga upya kuwa kitu kingine kabisa, vipande vyembamba sana sawa kurasa za kitabu. Ndio udongo wa mfinyanzi. Kila kipande ni kidogo kupita sehemu 2 za milimita moja iliyogawanywa mara 1000. Jicho haliwezi kukiona. Katika nchi yenye joto na mvua nyingi, kama hii yetu inayopata karibu milimita 1200 kwa mwaka, kazi ile inaendelea mpaka mwisho, na udongo unaobaki zaidi ni ule unaoitwa kaolini. Kaolini yenyewe ni nyeupe. Rangi nyekundu tunayoijua, ile inayochafua viatu vya watoto wakitoka masomo, ni kutu ya chuma iliyoshikamana nayo. Pahali penye unyevu mwingi kidogo kutu ile inageuka ya manjano.

Basi udongo unazaliwa ndani ya jiwe. Lakini juu ya nini unakaa kwa tabaka? Mkulima yeyote anajua kwamba jembe linaingia vizuri sentimita 20 ao 30 za kwanza, kisha linagonga kitu kigumu zaidi, chenye kunata wakati wa mvua na chenye kupasuka wakati wa kiangazi. Hapo ndipo maji yanapofanya kazi ya pili. Mvua kubwa ya Novemba ao Desemba inapopiga ardhi iliyokauka, inavunja mabonge ya juu, na vile vipande vidogo vinaachana na kuelea ndani ya maji. Maji yanashuka katika matundu ya mizizi na nyufa, yakivibeba. Yanafika chini, ardhi kavu inayanywa, yanasimama, na vipande vinabaki vimelala ukutani mwa tundu, vimepangwa sawa rangi iliyopakwa. Mvua inayofuata inaleta vingine. Profesa mmoja alituonyesha kwa kioo cha kukuza bonge la udongo lililovunjwa: kwenye kuta za matundu mlikuwa na ngozi nyembamba inayong'aa kidogo. Ile ngozi ni alama ya kwamba udongo ulisafiri. Ngozi juu ya ngozi, kwa maelfu ya miaka, sehemu ya juu inakuwa na mchanga zaidi na nyepesi, ya chini inakuwa nzito.

Safari ile haiendi kila pahali. Maji yakikuta kalsiamu nyingi, vipande vinashikana na kuacha kuelea. Na katika ardhi nyekundu iliyozeeka sana, ile kutu ya chuma inafunga udongo kwa nguvu hata mvua haiwezi tena kuuachanisha. Ardhi nyingi za tambarare ya Lubumbashi ziko hivyo. Zimekwisha kunyeshewa kwa muda mrefu mpaka maji yamebaki na kazi ndogo. Tulipofika hapo tulifikiri tumemaliza: udongo unazaliwa, unashuka, unachoka. Lakini kichuguu kilikuwa bado kimesimama mbele yetu na udongo wake mzito, mita 4 juu ya ardhi. Maji hayapandi. Swali la mama lilikuwa bado pale pale.

Aliyepandisha ni mchwa. Mwenye kujenga vichuguu hivi vikubwa ni jamii ambayo wataalamu wanaiita Macrotermes falciger, ni yeye pia anayetupatia nswa wakati mvua za kwanza zinaponyesha, wale kumbikumbi ambao kila mtoto wa Katanga alikwisha kuwakimbilia na beseni kando ya taa. Mchwa hapendi mchanga mtupu, kwa sababu mchanga haushikani. Anashuka chini, mita kadhaa, kutafuta pahali penye unyevu na udongo laini, anabeba bonge mdomoni, analichanganya na mate, anapanda na kulipanga ukutani. Kisha anarudi. Mdomo wake hauwezi kubeba jiwe. Anachukua udongo na mchanga mwembamba, anaacha changarawe pale pale.

Jambo hili la changarawe lilitushangaza kupita yote. Ukienda kwenye barabara ya Likasi, pahali ambapo mashini zilikata kilima, tazama ukuta wa udongo. Mara nyingi utaona juu kabisa udongo mwekundu usio na jiwe hata moja, mita moja, mbili ao zaidi. Chini yake kuna mstari wa mawe madogo, umelala sawa mkeka. Chini ya mstari ule kuna mwamba uliooza. Watu wengi walifikiri kwamba mto wa zamani ulipita pale na kuacha mawe. Lakini mtaalamu wa udongo Carlos Sys, Mbelgiji aliyefanya kazi katika Kongo, aliandika mwaka wa 1955 juu ya kazi ya mchwa katika kuumba ardhi ya upande huu wa Elisabethville, kama mji wetu ulivyoitwa mpaka 1966. Ukifuata mawazo ya namna hiyo, mstari wa mawe unaeleweka bila mto wowote: mchwa wanachimbua udongo laini kutoka chini na kuurundika juu, kichuguu kinakufa, mvua inakiosha na kukitandaza shambani, kingine kinazaliwa pembeni. Ukirudia hivyo mara nyingi sana, udongo laini wote unakuja juu na mawe yote yanazama. Si kila mstari wa mawe umetokea hivyo, maji na mteremko navyo vina sehemu yao. Lakini katika nchi yenye vichuguu 3 hadi 5 kwa hekta moja, hatuwezi kumsahau mchwa. Shamba ambalo mkulima wa Katanga analima lilipita, sehemu kubwa, ndani ya mdomo wa mdudu.

Na kwa muda gani? Hapa wazee wetu walikuwa na jibu moja tu: "Nilipozaliwa nilikikuta." Jibu lile ni la kweli kuliko walivyojua. Mwaka wa 2015 watafiti wa Ubelgiji na wa Lubumbashi walitoa matokeo ya kupima umri wa vichuguu vinne vya karibu na mji wetu, viwili vyenye mchwa hai na viwili vilivyoachwa, kwa njia ya kaboni iliyobaki ndani ya udongo wenyewe. Walichukua udongo katikati, kutoka juu mpaka chini. Cha zamani kati yao kilikuwa kimepita miaka 2000. Si kwamba malkia mmoja aliishi muda wote ule. Kundi linakufa, nyumba inabaki tupu, kundi lingine linakuja kuingia, sawa vile watu wanavyorudia kijiji cha zamani kwa sababu visima bado viko.

Tulifanya hesabu juu ya kichuguu chetu, si kwa kutaka sayansi, bali kwa kutaka kuelewa. Urefu wa mita 4 na upana wa mita 12, umbo la kofia ya kienyeji: kama mita za ujazo 150. Tofari moja la fundi wetu ni sentimita 25 kwa 12 kwa 10. Bila kuhesabu udongo unaopotea, ni matofari 50 000. Kama kichuguu kile kilikuwa na miaka 2000, ambayo hatuwezi kuisema bila kukipima, basi mchwa walituwekea matofari 25 kila mwaka. Fundi na vijana wake wanne wanatengeneza hayo kabla ya chai ya asubuhi.

Sasa tuje kwa watu.

Watu wa Katanga hawakungoja fundi wa matofari ili kujua thamani ya udongo huu. Walijua kwanza kuuchagua. Udongo wa chungu hautoki katika kichuguu. Unatoka mabondeni, katika madambo, pahali ambapo maji yanasimama miezi mingi. Pale udongo unakuwa wa kijivu ao mweusi, na sababu yake inaeleweka: maji yaliyosimama yanakosa hewa, kutu ya chuma inayeyuka na kuondoka polepole, na udongo unabaki bila nguo yake nyekundu. Pia unashuka pale kila mwaka pamoja na maji kutoka kwenye miteremko, mwembamba kabisa, kwa sababu mchanga umekwisha kubaki njiani. Mito mikubwa inafanya vile vile kwa kipimo kikubwa zaidi. Bonde la Upemba, ambamo Lualaba unapita kati ya maziwa na matete, ni kama sahani kubwa. Mto unapofurika, maji yanatandaa, yanatulia, na udongo unalala chini, tabaka la mwaka huu juu ya tabaka la mwaka jana.

Si ajabu basi kwamba ushuhuda mkubwa wa ufinyanzi wa zamani katika nchi yetu umetoka pale. Katika Sanga, kando ya ziwa Kisale, Jacques Nenquin alichimba makaburi mwaka wa 1957, Jean Hiernaux akaendelea mwaka wa 1958, na Pierre de Maret akarudi mwaka wa 1974 kuchimba pale na katika vijiji vingine vya bonde. Walikuta wafu wamelazwa pamoja na vyungu vingi, vya umbo zuri, wakati ambao wataalamu wanauita Kisalian, tangu karne ya 8 mpaka karne ya 13 hivi. Vyungu vingi havionyeshi kwamba vilikwisha kukaa jikoni. Vilitengenezwa kwa ajili ya safari ya marehemu. Katika makaburi ya watoto vyungu ni vidogo. Mtu akisimama mbele ya vyungu vile vya Sanga katika jumba la makumbusho anaweza kusikia huzuni ya mama mfinyanzi wa miaka 1000 iliyopita, na hahitaji maelezo. Tunaongeza jambo moja tu: yule aliyefinyanga alijua tabaka gani la bonde linafaa. Udongo wa juu una mizizi, unapasuka motoni. Wa chini kidogo ndio safi. Alikuwa anasoma tabaka kwa vidole vyake.

Kichuguu, chenyewe, kilikuwa mali ya watu wa shaba. Kando ya mto Naviundu, ambao leo uko ndani ya mji wa Lubumbashi, palipatikana mabaki ya kuyeyusha shaba ya karne ya 4. Kwa hiyo watu waliyeyusha mukuba pale miaka 1500 kabla ya Union Minière kuwasha tanuru lake la kwanza mwaka wa 1911. Baadaye misalaba ya shaba ilikwenda mpaka Upemba, ikawekwa makaburini, kisha ikawa feza ya biashara. Namna kazi ilivyofanywa tunaijua zaidi kupitia maandishi ya Jean-Félix de Hemptinne, mmonaki wa Kibenedikto aliyekuja kuwa askofu katika mji wetu. Mwaka wa 1926 alichapisha maelezo ya wale walioitwa "walaji wa shaba", mafundi wa nchi ya Wayeke. Walitoka kijijini kiangazi, baada ya kuvuna mtama, wakaenda kupiga kambi karibu na machimbo. Wanawake na watoto waliokota malakiti, ile shaba ya kijani. Wanaume walichoma makala na kujenga tanuru. Tanuru lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, na mirija ya kupulizia hewa ilikuwa ya udongo pia, ikiunganishwa na mivuo ya ngozi.

Juu ya nini kichuguu? Shaba inayeyuka kwenye joto la digrii 1085. Udongo wowote wa kawaida ukipelekwa karibu na joto lile haraka unapasuka ao unalegea. Udongo wa kichuguu ni kaolini kwa sehemu kubwa, na kaolini inavumilia moto. Tena mchwa amekwisha kuuchanganya na mchanga mwembamba kwa kipimo ambacho fundi asingeweza kukipata kwa mikono, na mchanga ule unazuia udongo usikunjamane unapokauka. Hakuna jiwe ndani la kupasuka. Mafundi wa mukuba hawakuwa na habari ya kaolini, lakini walijua kwamba mdudu amewatangulia kufanya kazi ya kuponda na kuchekecha. Tunapofundisha watoto wetu historia ya shaba ya Katanga tunawaambia juu ya Msiri, Bunkeya, misafara na misalaba. Hatuwaambii kwamba bila kichuguu kazi ile ingekuwa nzito mara nyingi zaidi. Ni kosa la sisi watu wa vitabu: tunapenda chuma na shaba, udongo tunauona uchafu.

Kuna udongo wa tatu ambao lazima tuutaje, hata kwa kifupi, ule mweupe. Waluba wanauita mpemba. Sokoni Lubumbashi tunasemaka pemba. Ni kaolini ambayo maji yaliitoa kutu yote. Katika mila ya Waluba weupe ule ni alama ya usafi na baraka; watu walijipaka mikononi na kifuani walipokuja mbele ya mfalme, na hata leo unaonekana katika sherehe. Sokoni unauzwa kwa mabonge, na mama wenye mimba wanautafuna. Waganga wa hospitali wanalalamika juu ya mazoea yale, na katika mji wenye vumbi la migodi kama wetu wana haki ya kulalamika, kwa sababu udongo unashika madini haraka. Hilo linahitaji insha yake yenyewe.

Turudi kwa matofari. Wakoloni walipoanza mji mwaka wa 1910 hawakuwa na jiwe zuri la kujengea karibu, wala reli haikuletwa kwa ajili ya kubeba matofari. Walifanya sawa walaji wa shaba: waliangalia vichuguu. Udongo wa vichuguu ukaingia katika kuta za kambi, za maduka, za misheni. Mji ulipokua, vijana wengi kutoka vijijini wakajifunza ufundi ule, na baada ya uhuru kazi haikupungua. Ilipofika miaka ya shida, wakati mishahara ya makampuni makubwa ilipokauka katika miaka ya 1990, mtu mwenye piki, jembe na kibao cha kutengenezea matofari aliweza kulisha nyumba yake. Hatuwezi kumlaumu. Nyumba zetu nyingi, za Katuba mpaka Ruashi, zimejengwa kwa jasho la watu wale, na sisi tunaoandika insha hii tumelala ndani yake usiku huu.

Lakini hesabu ni hesabu. Tofari linahitaji udongo, linahitaji pia kuni za kulichoma, na tanuru moja linakula miti mingi ya miombo. Katika vitongoji vya pembeni mwa mji, pahali ambapo wazee wanakumbuka vichuguu vitano ao sita kati ya nyumba yao na mto, leo kimebaki kimoja, ao kimebaki shimo. Maana fundi akimaliza kilichosimama anaendelea chini. Anafuata udongo mzuri mpaka anapokuta ule mkeka wa mawe, hapo anaacha. Shimo linajaa maji ya mvua, watoto wanaogelea, mbu wanazaliwa. Na pale juu hapatakuwa tena na shamba, kwa sababu udongo laini wote uliokuwa juu ya mawe umegeuka kuta.

Wakulima wanalisikia jambo hili mbele ya wengine. Wao hawakionei kichuguu kama kizuizi. Udongo wake una kalsiamu nyingi kupita ardhi inayokizunguka, hauna ukali sana, na mahindi, mtama ao tumbako iliyopandwa pale inastawi hata bila mbolea. Mama mmoja wa njia ya Kasenga alituonyesha mahindi yake: kwenye tambarare yalifika kiunoni, kwenye kichuguu yalimpita kichwa. Juu ya kichuguu ndipo anapookota pia bowa, ule uyoga mkubwa ambao mchwa wanaulima chini katika bustani zao na ambao unachipuka mvua zinapoanza. Tulimuuliza kama angekubali kukiuza kwa fundi wa matofari. Alicheka. "Niuze jiko yangu?"

Si kila mtu ana shamba la kumruhusu kucheka hivyo. Katika komite yetu wengine walisema, na kwa haki: watoto wa jirani wanasomea chini ya mti, sisi tunahurumia mchwa? Mjadala ule ulichukua mikutano mitatu. Mwalimu mmoja kati yetu alileta hoja ambayo ilitusumbua: hakuna sheria ya mila inayokataza kukata kichuguu. Ni kweli. Wazee walikata kwa ajili ya tanuru, kwa kupaka nyumba, kwa kutengeneza sakafu. Lakini walikata kipande na kuacha kingine, kwa sababu walikuwa wachache na jembe lao lilikuwa dogo. Kwa hiyo mila haikuwa na sababu ya kukataza. Je, desturi ambayo haikutamkwa kwa sababu haikuhitajika ni desturi ao si desturi? Hatukukubaliana, na mpaka leo tunapokutana mwalimu yule anaturudishia swali lile.

Mwishowe tulifanya kile ambacho komite zote zinafanyaka: tuligawanya. Fundi aliruhusiwa kukata upande wa magharibi mpaka katikati, asiguse upande mwingine, asishuke chini ya usawa wa ardhi. Alikata vizuri, tunamshukuru. Alipofika katikati, ukuta ulibaki wazi sawa mkate uliokatwa kwa kisu, na hapo ndipo tuliona kwa macho yetu yale tuliyoyaandika hapa. Juu, udongo mwekundu mwepesi wenye mizizi. Katikati, udongo mzito wa rangi moja, bila jiwe hata moja, wenye matundu laini yanayong'aa. Chini, mabonge madogo meupe ya chokaa, ambayo fundi aliyatupa pembeni kwa hasira kwa sababu tofari lenye chokaa ndani likichomwa linapasuka baadaye. Mama yetu yule mzee alikuja kutazama siku ya mwisho. Alipitisha mkono wake ukutani, akachukua bonge, akalivunja, akalinusa, akaliweka mfukoni bila kusema neno.

Chumba cha mikutano kilisimama. Kina matofari 9000 na kitu, mengine tuliuza tukanunua mabati. Nusu ya kichuguu iko nyuma yake. Mvua za kwanza zilizofuata tulifikiri mchwa wamehama, juu tuliwavunjia nyumba. Usiku wa tatu wa mvua nswa walitoka, wengi, kwenye ule ukuta uliokatwa, na watoto wa mtaa mzima walikuja na mabeseni. Kufika Mei, matundu yote ya upande ule yalikuwa yamezibwa na udongo mpya, wenye rangi nyeusi kidogo kuliko wa zamani. Fundi anapita bado mara kwa mara. Anasalimia, anatazama ile nusu iliyobaki, anauliza kama komite imekwisha kubadilisha mawazo.